Kompyuta ya Magemu kwa Fedha za Miwa



Kila mwaka, sisi wa kidato cha sita tukaribiapo kuiaga shule, huzuka bwenini ubishi mmoja unaoshinda hata ule wa Simba na Yanga. Ubishi wenyewe ni juu ya kompyuta ya kwenda nayo chuoni. Kundi moja husema kuwa kijana asiye na kompyuta mpakato ya magemu, yenye kibodi ya taa nyekundu na feni mbili, hajajiandaa kwa maisha ya chuo. Kundi la pili husema kuwa kompyuta hizo ni upotevu wa fedha, na kwamba anayezitaka hana nia ya kusoma. Nimeyasikiliza makundi yote mawili kwa muda mrefu, na leo naomba nafasi katika gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu.

Maoni yangu ni haya. Kompyuta ya magemu si dhambi, wala si sifa. Ni chombo chenye kazi yake. Kwa wachache wetu yafaa sana, na kwa wengi wetu ni mzigo. Lakini awaye yote anayeitaka, imempasa aiombe kwa jina lake halisi mbele ya mzazi wake, wala asiifiche chini ya neno “masomo.” Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine, na msomaji atakuwa hakimu.

Kwanza tutazame fedha zinatoka wapi. Sisi tulio wengi hapa Ruaha ni watoto wa wakulima wa miwa, wa vibarua wa mashambani, wa wenye magenge na wa akina mama wauza mchele. Mwenye miwa hapati mshahara wa kila mwezi. Hungoja msimu wa kiwanda, miwa ikatwe, ipakiwe, ipelekwe, ipimwe, ndipo alipwe. Na malipo hayo yanapofika hukuta yamekwisha kungojwa na wengi: deni la mbolea, ujira wa wakataji, gharama za usafirishaji, sare za wadogo zetu, na bati za nyumba iliyoezekwa nusu tangu mwaka juzi. Ndipo sisi tunapoingia na karatasi yetu ya kujiunga na chuo, tukisema twataka na kompyuta.

Wapo wanaojibu, “Sitamsumbua mzee, Bodi ya Mikopo itanipa.” Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na imewasaidia maelfu ya watoto wa maskini, jambo ambalo twalishukuru. Lakini tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, kompyuta uitakayo ni ya shilingi 2,400,000. Hizo ni posho za siku 240, yaani miezi minane ya kula na kulala. Mwanafunzi anayechukua posho yake akainunulia kompyuta ya namna hiyo, atakula nini? Atakula kwa wenzake, kisha atapiga simu nyumbani. Basi mzigo ule ule aliosema hatamtwika mzee, atakuwa amemtwika kwa njia ya nyuma. Tena tusisahau kuwa huo ni mkopo, na mkopo hulipwa.

Pili, yafaa tufahamu kompyuta ya magemu ni kitu gani, maana wengi tunaibishania bila kuijua. Katika kompyuta mpakato ya kawaida, prosesa moja hufanya hesabu zote, na ndani yake mna sehemu ndogo inayochora picha kiooni. Kompyuta ya magemu imeongezewa chombo cha pili, nacho ni kadi ya michoro yenye kumbukumbu yake yenyewe. Kadi ya NVIDIA GeForce GTX 1650, mathalani, iliyotoka mwaka 2019, ina gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa kazi ya picha peke yake. Nguvu hiyo ina gharama zake. Kadi hutoa joto jingi, kwa hiyo lazima pawe na mafeni makubwa. Hula umeme mwingi, kwa hiyo chaja yake aghalabu huwa ya wati 150 au zaidi, hali kompyuta nyingi za kawaida huridhika na wati 65 au pungufu. Uzito wake aghalabu hupita kilo 2, mbali na chaja. Na ukiitumia kwa kazi nzito bila kuichomeka ukutani, betri huisha upesi mno.

Sisi watu wa miwa tunao mfano wetu hapa. Mkulima halipwi kwa urefu wa muwa. Hulipwa kwa uzito na kwa utamu uliomo ndani. Upo muwa mrefu, mnene, unaopendeza machoni, nao una maji matupu. Kadhalika taa nyekundu za kibodi, na jina kubwa lililobandikwa kifunikoni, si utamu wa kompyuta.

Tatu, nani hasa anayeihitaji? Hapa ndipo makundi yote mawili ya bwenini yanapokosea, kwa kuwa kila moja lataka jibu moja kwa watu wote. Anayekwenda Chuo Kikuu Ardhi kusomea usanifu majengo atachora nyumba katika programu kama AutoCAD na ArchiCAD, kisha ataizungusha michoro hiyo kila upande na kuitia mwanga na vivuli. Hapo kadi ya michoro ni jembe lake. Vivyo hivyo mwanafunzi wa uhandisi anayebuni vipuri vya mitambo, mpimaji wa ardhi anayetumia ArcGIS Pro kuchora ramani zenye miinuko na mabonde, na yule anayesomea utengenezaji wa filamu na picha zinazotembea. Hao wakinunua kompyuta ya magemu hawajapotea njia, kwa sababu kadi ile ile inayokimbiza gari katika mchezo ndiyo inayosimamisha ghorofa katika mchoro.

Lakini tuhesabu tena. Anayekwenda kusomea ualimu, sheria, uhasibu, uuguzi, utawala, lugha au historia ataandika insha, atafanya mahesabu ya jedwali, atasoma vitabu vilivyo katika kompyuta na kuhudhuria vipindi kwa intaneti. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kusomea kilimo, kwa sehemu kubwa atafanya hayo hayo pamoja na takwimu. Kazi hizi zote kompyuta ya kawaida huzimaliza bila jasho. Na hata mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, ambaye wengi hudhani lazima awe na mashine ya magemu, kazi yake ya kuandika programu huhitaji kumbukumbu ya RAM ya kutosha kuliko kadi ya michoro, isipokuwa akiingia katika fani kama akili bandia. Tukijihesabu kwa haki, sisi tunaohitaji kadi ile kwa masomo hatutajaza safu moja ya madawati.

Sasa nageukia wale wanaosema kuwa magemu yenyewe ni upuuzi, na kwamba mwanafunzi hana haki ya kuyataja. Kwa hili sikubaliani nao hata kidogo. Wazee wetu hucheza bao chini ya mwembe baada ya kazi, na hakuna anayewaita wapuuzi. Kijana aliyemaliza kazi zake za chuo akacheza mpira wa kompyuta saa moja na mwenzake hakumwibia mtu. Ninachosema ni kwamba burudani hiyo haidai milioni. eFootball, mchezo ambao hadi mwaka 2021 uliitwa PES, huchezwa bure. Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013, huchezeka kwa picha za kiwango cha chini katika kompyuta za kawaida zenye prosesa za miaka ya karibuni. Michezo mikubwa na mipya ndiyo inayodai kadi, tena mingi yake huwa na uzito wa gigabaiti 100 au karibu na hapo. Mwenye kununua vifurushi vya intaneti kwa shilingi moja moja na aipime hesabu hiyo mwenyewe.

Nne, nizungumzie mazingira yetu, maana matangazo ya kompyuta hayaandikwi kwa ajili ya bonde la Ruaha. Hapa kwetu kuna joto. Mashamba yachomwapo kabla ya kukatwa miwa, masizi huruka hewani mpaka yakatua juu ya nguo tulizoanika. Mafeni ya kompyuta ya magemu huvuta hewa nyingi, na yavutapo hewa huvuta na masizi na vumbi. Matundu yakiziba, mashine hupata moto, na ikipata moto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Basi ile nguvu uliyoinunua kwa fedha nyingi huwa haipo tena. Aidha, umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, mwenye kompyuta ya kawaida yenye betri nzima ataendelea kusoma kwa saa kadhaa, na mwenye mashine ya magemu huenda akalala mapema. Na chaja ya wati 150 haifai kwa mtambo mdogo wa sola wa kuwasha taa na kuchaji simu.

Baada ya kusema hayo, naona ni haki nitoe na shauri la kuchagua, kwa kuwa kukataza bila kuelekeza ni nusu ya kazi.

Mwenye fedha kidogo asikimbilie kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa, maana mara nyingi ni dhaifu. Zipo kompyuta zilizokwisha tumika katika maofisi ya ng’ambo, kama Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook, ambazo huuzwa Kariakoo na hata Morogoro mjini. Zimeundwa kwa kazi za kila siku, na nyingi zinafunguka kwa urahisi ili kuongezwa RAM au kubadilishwa diski. Lakini azichague kwa macho mawili.

Atazame kwanza kizazi cha prosesa. Muuzaji atasema, “Hii ni i7,” naye mnunuzi atafurahi. Lakini i7 ya zamani yaweza kushindwa na i5 ya baadaye. Prosesa ya Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini 2. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini 4. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 7 ni cha saba, 8 ni cha nane. Katika i5-1135G7 kizazi ni cha 11. Jambo hili si la kujivunia ujuzi tu. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hutaka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea. Anayenunua ya kizazi cha sita kwa bei ya kizazi cha nane amenunua nguo iliyokwisha chanika. Iwapo ameipata kwa bei ndogo sana na anajua afanyalo, aweza kuitilia Linux, ambayo ni bure.

Kisha atazame RAM. Gigabaiti 8 ni kiasi cha chini, na 16 ndiyo raha. Diski na iwe ya SSD, walau gigabaiti 256, kwa kuwa kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka hukawia kuwaka hata mwenyewe akachoka. Kwa yule ambaye kozi yake yataka kadi ya michoro, atafute kadi ya gigabaiti 4 au zaidi pamoja na RAM ya 16, wala asilipie zaidi kwa ajili ya taa za kibodi. Tena kabla ya kununua, aulize chuoni kama kuna maabara ya kompyuta ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchorea. Pengine aweza kuanza na ya kawaida, akanunua ile nzito mwaka wa pili au wa tatu, wakati bei yake imeshuka naye amekwisha kujua anachokihitaji. Na asinunue programu za wizi: AutoCAD hutolewa bure kwa wanafunzi waliothibitishwa, QGIS ya ramani na Blender ya picha ni bure kwa watu wote.

Dukani asitoe fedha kabla ya kujaribu. Abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kompyuta itamwonyesha prosesa, RAM na kadi ya michoro iliyomo kweli. Muuzaji akisema kuna kadi na hapo haionekani, aombe aelezwe. Kuhusu betri, aandike amri powercfg /batteryreport, naye atapata taarifa ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ajaribu kila kitufe cha kibodi, kila tundu la waya, bawaba za kioo, kamera na spika. Aiache ikifanya kazi nusu saa na kuigusa kama inaungua. Adai risiti yenye namba ya mashine, na muda wa dhamana uandikwe, usitajwe kwa mdomo tu. Mwana wa jirani yangu alinunua ya kwake jijini kwa dakika kumi. Alipofika nyumbani akakuta betri haifiki saa moja, na alipopiga simu, namba ya muuzaji haikupatikana tena. Nauli ya kurudi ilikuwa ya nani? Ya mama yake.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tumezoea maneno mawili matamu: “Chuo kimeagiza.” Mzazi aliyeishia darasa la saba akiyasikia maneno hayo hana la kujibu. Haijui RAM, haijui kadi ya michoro, wala hawezi kusafiri mpaka chuoni kuuliza. Anachokijua ni kuwa mwanawe amefaulu, na hataki awe wa mwisho mbele ya watoto wa wenzake. Kwa hiyo atauza, atakopa, au ataacha kuezeka nyumba. Na kumbe chuo hakikuagiza lolote ila kompyuta, na kilichoagiza mashine ya milioni mbili na nusu ni tamaa yetu.

Ndugu zangu, tufikiri. Mkulima akipeleka miwa yake mizanini, hana budi kumwamini anayesoma mizani. Hakuna kinachomuuma kama kuhisi kuwa amepunjwa na mtu anayejua asichokijua yeye. Tumekua tukiwasikia wazee wetu wakinung’unika juu ya mizani jioni barazani, nasi tukawaonea huruma. Basi katika jambo hili la kompyuta, mizani tumeishika sisi. Sisi ndio tunaojua na wao ndio wasiojua. Mtoto akiisoma mizani kwa uongo, baba atamlalamikia nani?

Najua mtu atauliza, “Nikimwambia kweli kuwa sehemu ya fedha ni kwa ajili ya magemu, si atakataa?” Huenda akakataa, nayo ni haki yake, kwani fedha ni zake. Lakini huenda pia asikatae. Wazazi wetu si wagumu kama tunavyowadhania. Baba aweza kusema, “Chukua ya kawaida, na ukifaulu mwaka wa kwanza tutazungumza.” Mama aweza kusema, “Mimi nitatoa kiasi hiki, nawe tafuta kilichobaki.” Na kijana aliyepata nusu kwa ukweli, akaongeza nusu kwa jasho lake la likizo, ataitunza mashine yake kuliko aliyeipata yote kwa hila.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Kila anayejiandaa kwenda chuoni achukue karatasi moja, aandike mambo manne kwa Kiswahili chepesi: kozi anayokwenda kusoma, kazi ambazo kompyuta itafanya katika kozi hiyo, bei ya kompyuta inayotosha kwa kazi hizo, na bei ya ile anayoitamani, kama ni nyingine. Kisha amsomee mzazi karatasi hiyo, mambo yote manne, bila kuruka la nne. Asiyejua kuijaza amwendee mwalimu wetu wa kompyuta, au amwandikie mmoja wa waliotutangulia vyuoni. Uongozi wa shule nao, kama ungetupa alasiri moja kabla ya mtihani wa mwisho ili tufundishane kukagua kompyuta, ungeokoa fedha nyingi za watu wa Ruaha, Kidodi na Mikumi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuanze daftari letu kabla ya kupanda basi la kwenda chuoni, na mtu wa kwanza kulisoma awe yule aliyeilima miwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita